Majani Mabichi Mlangoni kwa Yeyo

Mvua ikishanyesha siku mbili tatu, huja kijana mmoja kukata majani kwa jirani yetu hapa Lemara, mjini Arusha. Ana mashine ya kuning'iniza begani, inalia kama nyuki aliyechokozwa, na akishaiwasha tu mimi kukaa basi. Naacha mchele nusu umechambuliwa, naacha chai inapoa, nakwenda kusimama ukutani pale matofali yalipomong'onyoka, navuta pumzi. Wajukuu wanacheka. "Bibi anakula harufu," wanasema. Waseme. Nasikia kuna watu ambao harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi inawatuliza, wanalala usingizi. Mimi inaniamsha miguu. Naanza kuzunguka uani, nafungua geti, nalifunga, nagusa hiki, naacha kile, mpaka mkwe wangu ananiuliza, "Mama, umepoteza nini?"

Sijapoteza kitu. Nipo kule kilimani.

Kilima chenyewe hamwezi kukiona kutoka mjini, msijisumbue kuchungulia. Ukisimama huku unauona mlima Meru uso wake. Kile kilima kipo mgongoni, kule Oldonyo Sambu na kupita, mahali ambapo unauzunguka mlima mpaka unadhani ni mlima mwingine. Sisi kwetu Akheri ni migomba na kahawa na mifereji ya maji, ardhi ambayo ukisahau fimbo chini asubuhi, wiki ijayo ina majani. Kule nyuma hakuna hayo. Kule ni nyasi na upepo, na ukivuka hizo nyasi unakuta nyasi nyingine. Nilikwenda mara moja nikiwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka, na naweza kusema bado sijashuka.

Nianze na mama, maana bila yeye kilima hakina maana. Baba yangu alikuwa Mmeru wa Akheri. Mama alikuwa Mwarusha wa huko nyuma ya mlima. Wameru na Waarusha wameoana tangu zamani na wamegombana tangu zamani, sijui kipi kilitangulia. Nilimwita Yeyo, kama watoto wa kwao wanavyowaita mama zao, na wenzangu wa Akheri walinicheka kwa hilo, nikawapiga, wakaacha. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko baba kwa kidogo, na hakuwa mtu wa maneno. Maneno yake yote aliyapeleka kwa ng'ombe wake.

Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyepewa na baba yake siku ya kuolewa. Alimwita Namelok, maana yake mtamu. Namelok alikuwa na jicho moja lenye duara jeupe, na kila mgeni alidhani anamkazia macho yeye.

Sasa kuna jambo moja Yeyo alinifundisha ambalo watoto wengine wa Akheri hawakuwa nalo. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchapwa. Si kwa ubaya, ni kwamba sikutulia. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akisema, "Huyu mtoto amekalia siafu." Nikitumwa maji nilirudi na chura. Nikiambiwa kaa, nilikaa kwa muda wa mtu kupiga chafya. Basi siku moja Yeyo ameninyanyulia fimbo, akasimama katikati ya hasira, akaniambia, "Kwetu mtoto akiona fimbo, anang'oa majani, anayashika juu. Mwenye fimbo anaacha." Nikauliza, kwa nini? Akasema, "Majani ndiyo chakula cha ng'ombe. Nani atampiga mtu mwenye chakula cha ng'ombe mkononi?" Nikayang'oa pale pale. Akaiweka fimbo chini. Hakucheka, hakunung'unika, aliiweka chini kama mtu aliyeambiwa na mkubwa wake.

Mnafikiri nilifanya nini? Kesho yake nilijaza majani mfukoni mwa gauni. Nilitembea na msamaha wangu. Nilipovunja chungu nikauchomoa, na Yeyo akayaangalia yale majani yaliyonyauka, akasema, "Hayo ya mfukoni ni takataka. Majani makavu ni njaa, humwonyeshi mtu njaa. Yang'oe sasa hivi, mabichi." Kisha akanichapa. Kwa hiyo nililijua vizuri somo hilo, nililijua kwa ngozi.

Baba alicheka mambo hayo. Alikuwa mtu mwema, nisije nikawaachia picha nyingine. Alikuwa mtu wa maendeleo. Enzi hizo nyumba yetu ilikuwa ya kuezekwa kwa nyasi, na mjini Arusha alikokwenda kuuza ndizi aliona mabati yanavyong'aa, yakamwingia. Alilala anasema bati, aliamka anasema bati. Siku moja Yeyo alikwenda kuwatazama wagonjwa, akarudi jioni akakuta paa linamulika jua kijiji kizima na zizi liko tupu. Namelok ndiye aliyekuwa juu pale, amegeuka bati.

Baba akamwambia, "Ng'ombe ni wa mtu mmoja, mke wangu. Bati ni la wote."

Yeyo alimpita. Aliingia zizini, akaifungua kamba ya Namelok pale nguzoni, akaiviringisha taratibu, akaiweka kwenye kikapu chake. Akaniwekea mkono kichwani. "Nakwenda kwa baba," akasema, na kweli akaenda, na mimi nilidhani atarudi kesho.

Mvua zikaja. Ninyi mmezaliwa chini ya bati hamlisikii, lakini sisi tuliotoka kwenye nyasi tulidhani mlima unatuangukia. Nyasi zinapokea mvua kimya kimya. Bati linaitangaza. Baba na mimi tulikaa kitandani tunatazamana, hatusikiani, yeye anafumbua mdomo mimi naona meno tu. Ndivyo tulivyoishi. Aliunguza uji, aliunguza maharage, alikaribia kuunguza nyumba, ila bati haliungui. Mvua zikaisha, jua likaja, Yeyo hajarudi, na mimi nilikuwa nimezoea kwenda kwenye zizi tupu kila jioni, kuzunguka nguzo.

Hatimaye shangazi akaja. Shangazi yangu alikuwa mnene, Mkristo wa safu ya mbele, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alimkuta baba anasugua sufuria, akamtazama kwa muda.

"Kaka, utakufa na bati lako."

"Atarudi mwenyewe."

"Nani karudi mwenyewe? Mwanamke anarudi mwenyewe kama kuku? Tafuta mbuzi."

Kwetu ukimkosea mtu mpaka ameondoka, unakwenda na isale. Ni ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba, una majani marefu kama ulimi. Jani moja linatosha. Ukipelekewa isale, hata kama umenuna namna gani, huwezi kumfukuza aliyelileta, na kukataa ombi lake ni kazi ngumu sana. Shangazi alilikata jani zuri mpakani, akalifuta vumbi kwa kanga, akalichomeka kiunoni kwa nyuma ili asilikunje. Na mimi nikachukuliwa, kwa sababu hapakuwa na wa kuachiwa mtoto wa siafu.

Tulipata lori lililokuwa likienda mnadani kuchukua ng'ombe. Shangazi alikaa mbele na dereva, akamwombea safari nzima. Mimi na baba na mbuzi tulikaa nyuma. Lori likatuteremsha mahali ambapo hapakuwa na kitu, nasema kitu chochote, hata mti wa kujisaidia nyuma yake. Palikuwa na kilima tu.

Nilikuwa sijawahi kuona ardhi iliyo wazi namna ile. Kwetu ukitazama mbele unaona mgomba, na ukiupita unaona mwingine. Macho yanakwenda hatua chache yanarudi. Pale macho yaliondoka yakaendelea kwenda. Kilima kilipanda taratibu kama tumbo la mtu aliyelala chali, chote cha manjano, na nyasi zilikuwa zinakwenda. Sijui niseme vipi. Upepo ulizipitia zikainama, zikainuka, zikainama tena, mpaka nikashika mguu wa baba nikidhani ni sisi tunaoteleza. Zilinifika kifuani. Zilikuwa na vichwa vyenye miba midogo vilivyoingia kwenye gauni na kukaa humo. Harufu yake ilikuwa ya vumbi na jua, kama ndani ya kihenge mahindi yakiisha. Panzi waliruka kila tulipokanyaga, na kuna ndege fulani alikuwa anapanda juu huku anaimba, anapanda, anapanda, halafu anajiachia kama jiwe. Nilimtazama huyo ndege mpaka nikajikwaa.

Tulipanda. Baba mbele, amevaa koti lake la kanisani, shingo ameiingiza ndani kama kobe.  Kila baada ya muda alikohoa kusafisha koo, kama mtu anayetaka kuanza hotuba, halafu hotuba haiji. Mimi nilikimbia mbele nikarudi nyuma, nikakimbia tena. Kilima kile nadhani nilikipanda mara mbili. Nilikuwa na furaha inayouma. Yeyo alikuwa juu pale, na kila nilipodhani tumefika juu, kilima kilitoa mgongo mwingine.

Shangazi alikuja nyuma na mbuzi, na hapo usiseme. "Bwana wangu," alikuwa anahema, "mtu mwenye akili timamu anakuja kujenga huku kwa nini? Huku hata shetani anapita na koti." Mwishowe akakaa. Alijitupa kwenye nyasi, akapotea humo, tukabaki tunaona kilemba tu.

Tulikaa tukamsubiri. Upepo ulipiga kelele masikioni kama bati letu. Chini nyuma yetu tambarare ilikuwa imelala mpaka mwisho wa dunia, na vumbi la lori lilikuwa limebaki nukta. Baba alivunja bua la nyasi, akalitafuna, akalitupa, akavunja jingine.

Ndipo nikasikia mbuzi anatafuna kwa raha.

"Shangazi," nikasema, "mbuzi anakula kitu chako."

Shangazi akapeleka mkono nyuma kiunoni. Akatoa kikonyo. Kikonyo tu, cha urefu wa kidole, na mbuzi akiwa bado na ncha ya kijani inaning'inia mdomoni, inaingia taratibu kama mtu anayevuta uzi. Tulimrukia wote. Shangazi alimfungua taya, baba alimvuta masikio, mimi nilimvuta mkia, sijui mkia ungesaidia nini. Alimeza.

Sasa nchi yote ile haina isale. Isale inataka maji, inataka kivuli. Baba alisimama na kikonyo mkononi, uso umemwisha.

"Turudi," akasema.

"Nirudi wapi?" Shangazi aliruka juu kwa namna ambayo sikutegemea kwa mwili ule. "Nimepandisha mwili wote huu hapa. Sirudi! Hao wenyewe si wanaombana msamaha kwa majani? Ng'oa majani, twende."

"Majani gani? Tazama." Baba alizungusha mkono, na kilima chote kilikuwa cha manjano kuanzia miguuni kwetu mpaka angani. "Nikiwapelekea makavu wataona nawatakia njaa. Bora niende mikono mitupu."

"Basi una mdomo. Utatumia mdomo."

Baba akakohoa kusafisha koo.

Boma la babu lilikuwa huko juu, chini kidogo ya kilele, limezungushiwa miiba. Tuliwakuta wazee wamekaa nje kwenye vigoda, babu na ndugu zake wawili, wamejifunika mashuka, wanatutazama tangu tukiwa mbali. Kwenye kilima cha namna ile mgeni anaonekana saa nzima kabla hajafika. Niliinamisha kichwa kama Yeyo alivyonifundisha, kila mzee akanigusa utosini kwa kiganja kikavu. Shangazi akasema shikamoo zake kwa sauti ya kanisani. Babu alijua Kiswahili, alikipata alipochunga ng'ombe wa walowezi, na alikitumia kwa uchache kama mtu mwenye chumvi kidogo.

Yeyo alikuwa mlangoni pa nyumba yake ndogo, anaosha vibuyu vya maziwa. Hakusimama. Nilimwendea mbio, halafu nilipofika karibu nikasimama, sijui kwa nini, nikasugua mguu mmoja juu ya mwingine. Akanivuta kwa shingo, akaninusa kichwa.

"Umekonda."

"Baba anaunguza."

"Na bati lenu linaendeleaje?"

"Linapiga kelele."

Akanipa maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Mikono yake ilikuwa na utulivu ambao sikuukumbuka. Alimwaga maji ya kuoshea pale pale pembeni ya mlango, na nakumbuka nilitazama yanavyozama, kwa sababu mahali pale tu, katika kilima kizima, palikuwa na majani mabichi. Kishungi kidogo, cha ukubwa wa sinia. Nilikanyagakanyaga pale kwa miguu mitupu, palikuwa baridi.

Kisha ng'ombe wakarudi. Yeyo alikuwa anamkamulia baba yake ng'ombe mmoja mwenye ndama mchanga, na ndama alikuwa amefungwa kwenye kigingi nyuma ya nyumba. Nilimwona, nikaijua kamba. Ilikuwa ya Namelok. Akaniambia, "Kaa na ndama. Asifike kwa mama yake mpaka nimalize kukamua." Akachukua kibuyu na fimbo nyembamba ya kuzuia ng'ombe, na ndipo babu alipomwita.

Nilisikia yote, maana sikuwa mbali, na nilikuwa nikiona pia. Kwanza babu alimuuliza baba ameleta nini.

Shangazi akajibu, "Tumeleta mbuzi, na maneno."

"Ninyi watu wa kule mnakuja na jani. Liko wapi?"

 Baba akakohoa. "Mbuzi amelila, baba."

Wale ndugu wawili wa babu walifunika midomo kwa mashuka, mabega yakaanza kuruka. Babu hakucheka. Alimtazama mbuzi, akamtazama baba.

"Basi mbuzi ameshaomba, na mbuzi tumemsamehe. Wewe je?"

Baba akaongea. Naapa, mtu yule aliyekohoa kilima kizima aliongea vizuri. Alisema ng'ombe hakuwa wake. Alisema alifikiri nyumba ni paa, kumbe. Alisema "kumbe" halafu hakumaliza. Alisema atatafuta ndama wa uzao wa Namelok hata kama ni kwa kutembea soko kwa soko. Shangazi alikuwa anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa chini, kama kwenye maombi.

Babu akamgeukia Yeyo, ambaye alikuwa amesimama na kibuyu mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. "Mwanangu, huyu ameomba kwa maneno. Maneno mtu anaweza kuyapokea, anaweza kuyakataa. Hakuna atakayekulaumu. Sema wewe."

Yeyo akanyoosha shingo. Nilimwona akivuta pumzi.

Na mimi, kwenye kile kigingi, nilikuwa nimeshika fundo. Sikulifungua, nasema kweli, vidole vyangu ndivyo vililifungua, maana vilikuwa havina kazi. Ndama alipiga teke, akapita chini ya mkono wangu na kamba inaburuta, moja kwa moja chini ya mama yake, akashika chuchu. Maziwa ya jioni ya boma zima yale. Ng'ombe alilia. Yeyo akageuka, akaona, na fimbo ikapanda juu.

Hakuna mtoto anayefikiri hapo. Nilikimbia kwa baba kwa sababu ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa hana fimbo. Nikapita mlangoni, nikainama pale penye maji, nikang'oa majani kwa mikono yote miwili na udongo wake. Nikafika mbele ya baba, nikageuka, nikayanyanyua juu, nikafumba macho.

Nilisubiri. Fimbo haikuja. Nilisikia ndama ananyonya, na upepo.

Nilipofumbua, wazee wote walikuwa wamesimama. Baba alikuwa amepiga magoti nyuma yangu, sijui alipiga lini. Yeyo alikuwa mbele yangu, fimbo imeshuka pembeni ya mguu, ananitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. Nilidhani anahesabu maziwa yaliyokwisha.

"Nani amemfundisha mtoto huyu?" babu akauliza.

"Yeyo," nikasema.

Babu akamtazama binti yake.  Kisha Yeyo alichukua yale majani mikononi mwangu, akakung'uta udongo, akayachomeka kwenye shanga za shingoni kwake. Shangazi akaanza kulia kwa nguvu akimshukuru Yesu, na mmoja wa wale wazee akasema kitu kwa Kimaasai chao, wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Sikuchapwa! Majani yalifanya kazi hata kwa kosa la ndama. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa mlima ule, mbele na nyuma.

Asubuhi tulishuka. Yeyo alitangulia, kikapu mgongoni, kamba ya Namelok ndani yake. Alikwenda haraka, hakugeuka, nyasi zinafunguka mbele yake na kujifunga nyuma, na mimi nilikimbia nisimpoteze, nikimwita, na upepo unachukua sauti kupeleka kwingine. Alipofika Akheri alisimama akatazama paa. "Linang'aa," akasema. Akaingia ndani akawasha moto.

Baba alitimiza. Alimtafuta ndama muda mrefu, akampata, jike, hana duara jeupe jichoni lakini alikuwa na ukaidi wa Namelok. Wadogo zangu wakazaliwa. Na mimi nilikua nikiisimulia hadithi hii harusini na misibani, jinsi nilivyomrudisha mama yangu nyumbani kwa konzi ya majani. Watu walicheka sana kwa habari ya mbuzi. Yeyo akiwepo alikuwa anapata kazi ya kufanya jikoni.

Halafu nikaolewa, na ikafika siku nami nikaondoka kwa mume wangu, na mtoto wangu wa kwanza, Neema, nimemshika mkono. Sababu siisemi, marehemu hajibu. Nilirudi Akheri kwa Yeyo, baba akiwa ameshatutoka. Nilimkuta zizini anawakatia ng'ombe majani kwa panga, ile harufu imejaa. Nilikaa kwenye ndoo nikanena yote. Aliendelea kukata. Kisha, bila kuacha kazi, akaniambia hivi:

"Siku ile juu kule, nilikuwa nasema hapana."

Sikuelewa. "Siku ipi?"

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Baba amenipa ruhusa, hakuna isale, hakuna majani. Nilikuwa niseme hapana, nikuchukue wewe, ukae kule na mimi. Nilizipenda zile nyasi. Nilipenda kuona mbali."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya majani mabichi? Mkononi mwa mwanangu? Nami ndiye niliyekufundisha?" Akacheka kidogo, kwa pua. "Hata maji yaliyoyaotesha niliyamwaga mimi."

Nilikaa pale nikajiona mdogo kuliko siku ile. Miaka yote nimejigamba. Nikamuuliza anajuta? Alisimama, akanyoosha mgongo, akatazama lile bati ambalo sasa lilikuwa na kutu nzuri nyekundu. Nilimsubiri, na nadhani mpaka leo namsubiri.

"Mshike ndama," akasema, "nataka kukamua."

Watu wa mume wangu walipokuja na isale yao, jani zima, hakuna mbuzi aliyeligusa, nilikuwa nimekaa uani sijui nitasema nini. Nikaona Yeyo, mzee vile na magoti yake mabovu, amemshika Neema mkono. "Twende tukatafute majani ya ndama," akamwambia. Wageni wakamwomba abaki, yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Akasema majani hayasubiri, shangazi yupo, atawasikiliza. Wakaondoka, yeye na Neema. Niliwatazama wakipita mgombani, wakivuka mfereji, wakienda mbali zaidi ya mahali tulipozoea kukata, mpaka sikuwaona.

Basi nikaulizwa. Hapakuwa na mtoto wa kunitazama kutoka chini, majani mkononi. Nilitazama mgombani, nikasema ndiyo, narudi, lakini narudi baada ya kuvuna maharage, na nitarudi mwenyewe, nisifuatwe. Ninyi mnaosoma msinicheke kwa hiyo ndiyo yangu. Ilikuwa yangu.

Walirudi jua limeshuka. Yeyo amebeba mzigo mkubwa wa majani kichwani, wote peke yake, anachechemea. Neema alikuwa mbele yake anarukaruka, hajui kitu, na mikono yake ilikuwa mitupu, imeoshwa mtoni mpaka kwenye viwiko, hata kijani chini ya kucha hakikuwepo.